Maili Tisa za Changarawe

Kwa lami ni maili arobaini na moja
kutoka kwangu Brynhelyg hadi kwa dada yangu Nest:
ushuke mpaka mtoni, uvuke daraja la malori,
upande tena nyuma ya gari la maziwa
likikutemea moshi njia nzima.
Miaka kumi na mmoja nilisema, ni mbali.
Neno zuri, mbali. Halimlaumu mtu.

Kisha daktari wa macho akaninyang'anya leseni.
Gethin, mjukuu, alikwenda mjini kusomea uashi
akaniachia baiskeli bandani,
matairi mapana kama viganja vya mchimba viazi.
Na watu wa misitu wakamaliza njia yao ya changarawe
juu ya mgongo wa mlima, magari marufuku,
wakasimika kibao pale inapoanzia:
Cwm Brwynog, maili tisa.
Nilikisoma kibao kile
kama mtu aliyeletewa hati ya deni.

Nina miaka sabini na miwili. Sikwenda siku hiyo.

Nilikwenda Jumanne, kondoo wakishanyolewa,
mkate na jibini mfukoni.
Mpando wa kwanza niliusukuma, sikuupanda,
nikimtukana Gethin na gia zake zote
ambazo hakuna hata moja iliyonitosha.
Kokoto zilisagika chini yangu, krr, krr,
kama mtu anayetafuna sukari guru na hana haraka.
Hapakuwa na honi. Hapakuwa na wa kumpisha.
Maji ya kijito yalikuwa mekundu, chai ya mkandaa,
na kondoo mwenye alama ya buluu mgongoni
alinitazama, akaona si kitu, akaendelea kula.

Tuligombana juu ya saa ya ukutani ya mama.
Haikuwa hata ikitembea.
Nest alichukua saa; mimi nikachukua maneno,
nimeyatunza yote, hakuna lililovunjika.

Juu kabisa upepo ulinivua kofia.
Kushoto bonde letu, kulia bonde lake,
kangaga zimeshika kutu kotekote,
na bati la ghala lake likimeta
karibu hivi. Karibu hivi!
Ningalipiga mbinja, mbwa wake angaliitika.

Malango ni saba.
La kwanza lina komeo jipya, la serikali.
La pili mnyororo. La tatu limeegemezwa jiwe tu.
La nne lilinikata kidole.
Kila moja nilishuka, nikafungua, nikapita, nikafunga,
maana mtoto wa huku hujifunza hilo kabla ya sala:
lango liache ulivyolikuta.

Mteremko sikuujua kabla.
Breki zikalia kama bata, mikono ikafa ganzi,
meno yakagongana, misonobari ikanipita mbio,
na mimi, mzee mzima, nikapiga kelele
ambayo hakuna aliyeisikia ila kunguru wawili.
Macho yalitiririka. Upepo,
nilijiandalia jibu, endapo angeuliza.

Lango la saba limefungwa kwa kamba ya majani makavu,
ile ya rangi ya chungwa,
na fundo lake lilikuwa la baba:
mizunguko miwili, kitanzi, ncha ipite chini.
Vidole vililifungua kabla sijafikiri.

Alikuwa uani na ndoo.
Nywele zimekuwa nyeupe zote; hakuna aliyeniambia.
Akaitazama baiskeli, akatazama tope la magotini,
kisha akatazama nyuma yangu, mbali kidogo.

"Merfyn," akasema, "umefunga lango?"

Sikuwa nimelifunga.
Nikageuka, nikarudi kwa miguu inayotetemeka,
mizunguko miwili, kitanzi, ncha ipite chini,
nikakaza,
nikiwa upande wa ndani.